Karatasi za seli za ngozi kwa mgonjwa aliyeungua zaidi ya nusu ya mwili: tuanzie wapi?

wodi_ya_moto254 anauliza:

Hamjambo wadau. Kuna pendekezo linaandikwa la kuanza kukuza seli za ngozi ya mgonjwa ziwe karatasi nyembamba za kupandikizwa, kwa ajili ya wagonjwa wa moto hapa Nairobi. Watu waliopo ni daktari mmoja wa upasuaji, wauguzi wa vidonda, na mtaalamu wa maabara aliyezoea kukuza seli za utafiti, si za kurudishwa mwilini mwa mtu. Vifaa: inkubeta mbili, kabati la hewa safi, hadubini na sentrifuji.

Mgonjwa wa mfano tuliyemtumia kwenye hesabu ni mtu mzima wa kilo 60, urefu sentimita 165, ameungua asilimia 60 ya mwili, karibu yote kina chote, yaani ngozi imeungua unene wake wote. Eneo la ngozi yake ni kama mita 1.66 za mraba, kwa hiyo kidonda kinakaribia sm² 10,000. Ngozi nzima iliyobaki ni asilimia 40, lakini ukitoa uso, viganja, nyayo na sehemu za siri, inayoweza kuchunwa kwa mkupuo mmoja ni kama asilimia 15, yaani sm² 2,500 hivi. Ukiitoboa matundu iwe wavu wa 1:3, yaani unaotanuka mara tatu, inafika 7,500 kwenye daftari. Thietani (chumba cha upasuaji) haifiki hapo, maana wavu ukivutwa hadi mwisho hukatika, na ukilegezwa husinyaa.

Tunachotaka kujua: sm² 10,000 zinahitaji chupa ngapi za kukuzia seli na siku ngapi? Kwa nini timu moja inaripoti karatasi zimeshika vizuri, na nyingine inafungua bandeji siku ya nane ikute ute mtupu? Na hii njia ya kunyunyizia seli bila kuzikuza ni mbadala wa kweli, au ni kitu kingine kabisa?

hadubini_tu:

Nitajibu la chupa. Hesabu hii inafanywa kutoka mwisho kurudi mwanzo.

Karatasi ikishabanduliwa kutoka chupani husinyaa, mara nyingi hadi karibu nusu ya eneo lake. Kwa hiyo kufunika sm² 10,000 panda kwa lengo la sm² 20,000 au zaidi kidogo. Kwa chupa bapa za sm² 75 hizo ni chupa 280. Kila chupa hunywa mililita 15 za chakula cha seli, na chakula hubadilishwa kila siku ya pili au ya tatu, kwa hiyo mabadiliko mamoja tu mwishoni ni lita 4 na zaidi. Hebu tazameni tena hizo inkubeta mbili kabla ya kuendelea na pendekezo.

Sasa turudi mwanzo. Mbinu ni ile ya James Rheinwald na Howard Green ya mwaka 1975: seli za ngozi ya juu (keratinosaiti) hukua juu ya seli walezi za panya, 3T3, zilizopigwa mionzi ili zisigawanyike tena lakini ziendelee kutoa wanachohitaji wenzao. Ukikata kipande cha ngozi cha sm² 12, kina chote, kutoka kinenani au kwapani, utapata seli hai kama milioni moja kwa kila sm², jumla milioni 12. Zipande kwa 25,000 kwa sm²: unajaza sm² 480, chupa sita au saba. Zikifika asilimia 80 ya kujaa unavuna kama seli 50,000 kwa sm², yaani milioni 24. Mzunguko wa pili panda 7,500 kwa sm²: sm² 3,200, chupa 43. Vuna tena milioni 160, panda mzunguko wa tatu, na hapo ndipo unapopata sm² 21,000. Mzunguko wa kwanza siku 8 hadi 10, wa pili siku 6 au 7, wa tatu siku 8 hadi 10 kwa sababu unaziacha zijae kabisa na zipandane tabaka. Jumla ni wiki tatu na ushee. Anayekuahidi siku kumi kwa mgonjwa kama huyu hajapiga hesabu.

Kinachosahaulika ni walezi. Wanapandwa kama 20,000 kwa sm², kwa hiyo mzunguko wa tatu peke yake unadai seli walezi milioni 420, zote zimepigwa mionzi ya takriban grei (Gy) 60 na zimewahi chupani siku moja kabla. Fungeni mapatano na kituo chenye mashine ya mionzi tangu mapema. Wakuzeni na kuwagandisha miezi kabla ya mgonjwa kufika, maana siku mgonjwa akilazwa mmechelewa.

Hatua za siku ya kwanza. Kata kipande ndani ya saa 24 za kulazwa, kabla bakteria hawajatamalaki kwenye ngozi nzima. Kama ngozi ilisafishwa kwa iodini, isuuze vizuri kwa salaini kabla ya kukata. Kisafirishwe kwenye chakula cha seli chenye penisilini (unit 100 kwa mililita), streptomaisini (mikrogramu 100 kwa mililita) na dawa ya kuvu, katika nyuzi 4, ndani ya boksi lenye barafu lakini kisiguse barafu. Kikiganda kimekufa. Maabara: kwangua mafuta yote ya chini, kata vipande vya milimita 3 hadi 5, laza usiku kucha kwenye dispasi, kimeng'enya cha kubandua ngozi ya juu, katika nyuzi 4. Asubuhi ngozi ya juu inabanduka kwa koleo kama ganda la nyanya iliyomwagiwa maji ya moto. Hiyo ngozi ya juu tu ndiyo inaingia kwenye tripsini (kimeng'enya kinachotenganisha seli) 0.05% yenye EDTA, nyuzi 37, dakika 10 hadi 20. Zima tripsini kwa seramu, chuja kwenye wavu wa mikroni 70 au 100, hesabu seli kwa rangi ya tripani, inayoingia kwenye zilizokufa tu. Chini ya asilimia 80 hai, tafuta kosa lilipo kabla ya kupanda.

Chakula: DMEM na F12 (vimiminika vya msingi vya kulishia seli) kwa uwiano wa 3:1, seramu ya ndama 10%, haidrokotisoni mikrogramu 0.4 kwa mililita, insulini mikrogramu 5, adenini mikrogramu 24, sumu ya kipindupindu kiasi kidogo mno cha nanogramu 8 hivi, na kichocheo cha ukuaji cha EGF nanogramu 10 kwa mililita. EGF msiitie siku ya kupanda. Ingojeeni makoloni yaonekane, siku ya tatu hivi, la sivyo seli husambaa kabla hazijashikana.

Makosa mawili yanayoua chupa nyingi kuliko hata kuvu. La kwanza ni kuchelewa kuvuna. Ukiacha mzunguko wa kwanza au wa pili ujae hadi asilimia 100 kwa sababu kesho ni Jumapili, seli zinaanza kukomaa, zinakuwa pana na bapa, na hata ukizipanda upya hazigawanyiki tena. La pili ni la hapa kwetu. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 81 au 82 ya ule wa pwani. Asilimia 5 ya kaboni dayoksaidi ndani ya inkubeta hapa ni gesi pungufu kuliko asilimia 5 Mombasa, kwa hiyo chakula kinaelekea upande wa alkali na rangi yake inakuwa ya zambarau. Pima pH ya chakula chenyewe baada ya kulala ndani ya inkubeta usiku mmoja. Lengo ni 7.2 hadi 7.4. Mara nyingi utaishia kuweka gesi karibu na asilimia 6 badala ya 5. Usiiamini namba ya kwenye kioo cha inkubeta.

Na stima ikipotea, inkubeta iliyofungwa mlango hupoa polepole. Kinachoua ni mtu kuifungua kila dakika tano kuangalia kama zimekufa.

sista_bandeji:

Hadubini_tu amemaliza ya maabara, lakini swali la pili, la ute siku ya nane, jibu lake liko wodini. Karatasi ya seli ina unene wa seli 2 hadi 8 tu. Haina ngozi ya ndani, haina mishipa, na haina nyuzi za kolajeni VII za kuifunga chini, hizo zinajengwa baadaye. Ngozi ya kawaida ya kuchuna inaweza kuvumilia usaha kidogo na bandeji iliyotelezea. Karatasi hii haivumilii hata kimoja.

Timu zinazofanikiwa haziweki karatasi juu ya mafuta au nyama iliyochunwa tu. Zinaandaa ngozi ya ndani kwanza. Njia ya zamani iliyoelezwa na daktari wa upasuaji Charles Cuono miaka ya 1980: tishu iliyokufa inakatwa mapema, siku 3 hadi 5 za mwanzo, kidonda kinafunikwa kwa ngozi ya maiti, na wakati maabara inakuza seli kwa wiki tatu, ile ngozi ya maiti inapata damu. Siku ya kupandikiza unakwangua tabaka lake la juu, ambalo mwili ungelikataa hata hivyo, na ngozi ya ndani inabaki kuwa sakafu. Mbadala ni ngozi ya ndani ya viwandani, kama Integra, ya kolajeni ya ng'ombe na kondroitini ya papa yenye silikoni juu, ambayo inahitaji wiki 2 hadi 3 kupata damu. Kalenda yake inalingana vizuri na ya maabara. Bei yake hailingani na kitu chochote.

Dawa za kuosha. Hapa ndipo vita vinapotea kimyakimya, kwa sababu kila zamu ina mazoea yake. Povidoni iodini, klorheksidini, haidrojeni peroksaidi, asidi ya siki na ile krimu nyeupe ya silva salfadayazini zote zinaua keratinosaiti. Zitumieni mnavyotaka kabla, lakini siku ya karatasi kidonda kioshwe kwa salaini nyingi hadi mabaki yaishe, na baada ya hapo hakuna hata moja inayogusa eneo lile. Bandikeni tangazo kubwa ukutani juu ya kitanda. Muuguzi wa zamu ya usiku aliyetoka wodi nyingine hawezi kukisia.

Vipimo vya bakteria: chukueni sampuli ya tishu, si ya kupangusa tu, siku 2 au 3 kabla. Zaidi ya bakteria 100,000 kwa gramu hata ngozi ya kawaida hushindwa, na karatasi hushindwa chini ya hapo. Bakteria wa Pseudomonas wakionekana, msiweke. Karatasi zinaweza kungoja chupani siku chache kwa kubadilishwa chakula, kidonda kisafishwe kwanza.

Halafu bandeji. Karatasi inakuja imeshikizwa kwenye shashi ya vaselini. Juu yake weka shashi kavu yenye matundu makubwa, ishikize kwa stepla pembeni, kisha tabaka nene la shashi za nje. Za nje unabadilisha kila siku. Ile ya ndani haiguswi siku 7 hadi 10. Usiilowanishe, usiinue pembe "kuangalia kidogo". Ikiwa tayari inajiachia yenyewe; ikivuta, irudishe ungoje siku mbili.

Mgongo na makalio ni sehemu mbaya kuliko zote kwa sababu mgonjwa anazilalia. Kama hamna kitanda cha hewa, wekeni karatasi mbele na kwenye miguu iliyoning'inizwa, na mgongo muufunike kwa ngozi ya kuchuna ya wavu mwembamba. Msipoteze chupa 80 kwenye makalio.

kisu_na_uzi:

Sista amesema kweli tupu. Naongeza ya thietani kisha nihamie kwenye kunyunyizia.

Kubandua karatasi: chupa iliyojaa inamwagwa chakula, inasuuzwa, inaingia dispasi ya miligramu 2.5 kwa mililita, nyuzi 37, dakika 30 hadi 45. Ukiona kingo zinajikunja, itoe. Tripsini hapa ni marufuku kwa sababu inatenganisha seli moja moja. Dispasi inakata tu kinachoishikilia karatasi chini, mbinu iliyochapishwa na kundi la Green mwaka 1979. Suuza mara tatu, laza shashi ya vaselini juu, pindua kingo, bana kwa klipu za chuma. Upande uliokuwa umegusa plastiki ndio wa kugusa kidonda. Ukigeuza, seli za mgawanyiko zinatazama juu hewani na zile zilizokomaa zinalala kwenye damu, hakuna kitakachoshika. Kutoka kubanduliwa hadi kuwekwa isizidi saa 24, kwa joto la chumba, si frijini.

Damu ni adui wa kwanza siku ya kuweka. Tone la damu chini ya karatasi huigeuza kuwa puto. Adrenalini iliyochanganywa kwenye salaini, bandika kitambaa, bana dakika 10, kisha ndipo uweke. Ikibidi, funga kwa mgandamizo, weka karatasi kesho.

Kunyunyizia ni kitu kingine kweli, na kwa Nairobi naona ndicho cha kuanzia. Daktari Fiona Wood na mwanasayansi Marie Stoner kule Perth, Australia, ndio walioifanya ijulikane. Kifaa cha RECELL kilipata kibali Marekani mwaka 2018. Hakuna kukuza. Unachuna ngozi nyembamba sana, milimita 0.15 hadi 0.2, na kila sm² 1 inatosha sm² 80 za kidonda. Kwa hiyo sm² 24 ni za sm² 1,920. Kipande kinaingia tripsini ya nyuzi 37 dakika 15 hadi 20. Kikwaruze pembeni kwa kisu: ngozi ya juu ikiteleza kirahisi, tayari, ikishika, rudisha dakika 5 hadi 10. Ukisahau kipande humo saa nzima, unanyunyizia maiti. Kisuuze kwenye mchanganyiko wa laktati ya sodiamu, kikwanguliwe pande zote mbili kwenye sahani hadi mawingu yatokee, chuja, na ubaki na mililita 1 kwa kila sm² uliyochuna. Nyunyizia kutoka umbali wa sentimita 10 hivi, ukianza sehemu ya juu ya kidonda ili kinachotiririka kifunike chini.

Lakini isikilizwe vizuri: kwenye kidonda cha kina cha kati, ambapo sehemu ya ngozi ya ndani bado ni nzima, seli peke yake zinatosha baada ya kukwangua hadi vitone vya damu. Kwenye kina chote, seli peke yake hazitoshi kamwe. Hapo unatandaza ngozi ya wavu mpana, 1:4 au 1:6, na seli unazinyunyizia juu yake ili zijaze matundu ya wavu. Watu wananunua kifaa, wananyunyizia kwenye mafuta matupu, kisha wanasema hakifanyi kazi.

wodi_ya_moto254:

Asanteni sana. Kwa hiyo kwa mgonjwa wetu wa mfano mngefanyaje? Na je, kuna haja ya maabara kabisa ikiwa kunyunyizia kunaanza siku ileile?

kisu_na_uzi:

Kwa asilimia 60, ningemkata tishu iliyokufa siku 3 hadi 5 za mwanzo kwa awamu mbili au tatu, na sm² 2,500 zilizopo ningezigawa kwa mbinu ya Meek. Ngozi inalazwa kwenye kipande cha koki (ile ya kutengenezea vizibo) cha milimita 42 kwa 42, mashine inaikata kuwa visiwa 196 vya milimita 3 kwa 3, unaitandaza kwenye kitambaa chenye mikunjo na kuivuta 1:4 au 1:6. Kila kisiwa kina ngozi ya ndani kidogo, na kikifa kimoja jirani haathiriki. Seli za kunyunyizia juu yake. Mahali palipochunwa pakipona siku 10 hadi 14 unachuna tena, kichwa hasa, kinapona upesi. Kwa mpango huo karatasi za maabara zinabaki kwa walioungua zaidi ya asilimia 70 hivi, ambao huna pa kuchuna kabisa. Marekani waliiruhusu Epicel, karatasi za aina hii zinazokuzwa kibiashara, mwaka 2007 kwa masharti ya matumizi ya kibinadamu kuanzia asilimia 30, lakini hilo ni kiwango cha kibali. Chupa 160 na zaidi kwa mtu wa asilimia 35 ni kazi bure.

hadubini_tu:

Sikubaliani kwamba maabara ingoje wa asilimia 70. Mkiijenga kwa ajili ya wagonjwa wawili kwa mwaka, mikono inasahau na kuvu inahamia. Ipeni kazi ya kila wiki: seli za wafadhili.

Seli za mtu mwingine hazidumu. Mwili unaziondoa ndani ya wiki kadhaa. Lakini kabla ya kuondoka zinamwaga vichocheo vya ukuaji, na kwenye kidonda cha kina cha kati au mahali palipochunwa hiyo inatosha kuharakisha kupona kutoka pembeni na kwenye vinyweleo. Zinakuzwa bila haraka, zinapimwa, zinagandishwa, zinatolewa siku yoyote. Na malighafi ipo: govi. Msimu wa tohara wa likizo ya Novemba na Desemba hospitali za mji huu hutupa mamia ya magovi, na seli za mtoto hugawanyika kwa bidii kuliko za mtu wa miaka 50. Inahitajika idhini ya mzazi iliyoandikwa, kibali cha kamati ya maadili, na vipimo vya virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende. Seli zikae kizuizini kwenye naitrojeni hadi vipimo vya pili virudi safi. Kugandisha: milioni 2 hadi 3 kwa mililita, DMSO (kinga ya seli dhidi ya barafu) 10%, zipoe nyuzi moja kwa dakika hadi nyuzi 80 chini ya sifuri, kisha naitrojeni. Ukizitupa moja kwa moja kwenye friza, barafu inazipasua.

Kabla ya kundi lolote kutoka maabara: kipimo cha bakteria na kuvu, maikoplazma (bakteria wadogo mno), endotoksini (sumu za bakteria). Maikoplazma haionekani kwenye hadubini wala haichafui chakula, hupunguza tu kasi ya seli, na lawama zote zinaishia kwa seramu.

sista_bandeji:

Naomba liingie jambo la idhini, maana linakuja kuibuka thietani. Seli walezi ni za panya, seramu ni ya ndama, na tripsini ya kawaida hutolewa kwenye kongosho la nguruwe. Familia ya Eastleigh, mtaa wa hapa Nairobi wenye Wasomali Waislamu wengi, ina haki ya kuambiwa hilo kabla, si baada. Kuna vimeng'enya mbadala vinavyozalishwa kwa vijidudu bila nguruwe. Vinagharimu zaidi lakini vinafanya kazi ileile. Liwe swali kwenye fomu, kwa Kiswahili na Kisomali.

Jingine ni baada ya kutoka wodini. Karatasi iliyoshika ni laini kama ngozi ya kitunguu kwa miezi. Malengelenge yataibuka kwenye viungo na mahali nguo inaposugua, kwa sababu nyuzi za kushikilia hazijakomaa. Inaweza kuchukua mwaka na zaidi. Lengelenge litobolewe kwa sindano safi, ganda libaki. Nguo za kubana makovu zisubiri wiki kadhaa hadi ngozi ivumilie msuguano, ila vishikio vya viungo vianze mapema vikiwa vimewekewa sifongo. Ngozi hiyo haina vinyweleo wala tezi za jasho. Mtu aliyefunikwa nusu ya mwili atashikwa na joto kwenye matatu iliyojaa mwezi wa Februari kabla wenzake hawajafungua dirisha, aelezwe hivyo waziwazi. Rangi nayo huja taratibu na kwa mabaka, kwa hiyo jua lifunikwe. Kwa mafuta, vaselini tupu isiyo na harufu inatosha. Na kidonda chochote kinachokataa kupona kwenye ngozi hiyo hata baada ya miaka kikatwe kipimwe, kwa sababu saratani ya ngozi imeripotiwa kwa baadhi ya waliopandikizwa karatasi hizi.

wodi_ya_moto254:

Nimeelewa. Pendekezo linageuzwa: kunyunyizia na Meek kwanza, maabara ya seli za govi sambamba, na karatasi za mgonjwa mwenyewe mwaka wa pili. Swali dogo la mwisho: watoto waliomwagikiwa chai na uji, ambao ndio wengi wetu kwa kweli, wanaingia wapi hapa?

kisu_na_uzi:

Wengi wao hawaingii. Mtoto wa asilimia 8 ya kina cha kati anahitaji maji ya bomba yanayotiririka dakika 20 ndani ya saa tatu za mwanzo, bandeji nzuri, na mtu wa kumkagua siku ya 10. Ikionekana hatapona kabla ya wiki tatu, hapo ndipo seli za wafadhili au za kunyunyizia zinaingia, kwa sababu kidonda cha mtoto kinachovuka wiki tatu huacha kovu nene, na kwa ngozi zetu huko ni kukaribisha makovu yanayovimba. Kwa mtoto wa kilo 10 ukichuna, chuna kutoka kichwani, nywele zitafunika alama. Na anza kwa kukadiria damu itakayopotea, maana kukata asilimia 5 tu kwa mtoto mdogo kunaweza kumwaga damu ya kumtosha kuhitaji kuongezewa.